Majina Mengi, Mtu Mmoja

Katika vilima vya Luhwindja, nchi ya Mwenga, mtoto mwanamke hupewa jina lake punde baada ya kuzaliwa, lakini si kwa jina hilo tu atakaloitwa siku zote za maisha yake. Kwanza watu humwita binti wa fulani. Akiolewa, huitwa mke wa fulani. Akizaa, majirani humwita mama wa mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe huanza kusahauliwa. Mume wake akifa, huitwa mjane wa fulani. Akifika uzee, wajukuu humwita kwa jina la heshima lipasalo wazee.

Hivyo mtu mmoja hupita katika majina mengi, na kila jina lina kazi zake, haki zake na mizigo yake. Tena karibu kila jina lamtaja mtu mwingine: baba, mume, mtoto, au marehemu. Ndiyo sababu yafaa mkatekumeni yeyote, mwanamume kwa mwanamke, ajiulize swali hili kabla ya kufika kwenye maji ya Ubatizo: Mwanamke ni nani hasa? Je, yeye ni zile kazi tu anazopewa na watu, moja baada ya nyingine? Au yeye ni mtu kamili kabla ya kazi hizo, katika kazi hizo, na baada yake?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Jibu lake huonekana kila siku mlangoni pa nyumba. Maana kama mwanamke ni mke tu, basi asiye na mume si kitu. Kama ni mama tu, basi tasa si kitu. Kama thamani yake yatoka kwa mumewe, basi siku mume anapozikwa thamani hiyo huzikwa pamoja naye, na ndugu wa marehemu waweza kumtoa mjane shambani bila kuona haya. Wapo wanaofanya hivyo, nao hudhani kwamba wanafuata haki.

Binti katika nyumba ya baba

Kazi ya kwanza ya mwanamke ni ile ya mtoto: kupendwa, kufunzwa na kutii. Amri ya nne yamwagiza kuwaheshimu baba na mama. Tangu udogo hujifunza kuchota maji kwa chombo kidogo, kuokota kuni, kumbeba mdogo wake mgongoni, kupalilia maharage kando ya mama yake. Mafunzo hayo ni mema. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mafunzo ya ulimwengu huumiza.

Mtakatifu Monika, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 4, alilelewa hivyo. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, aliandika habari zake. Nyumbani kwao palikuwa na mtumishi mwanamke mzee, ambaye zamani, alipokuwa msichana, alimbeba baba yake Monika mgongoni, kama wasichana wa Luhwindja wanavyowabeba wadogo wao. Mzee huyo aliwazuia mabinti wasinywe ovyo, hata maji, kusudi wajifunze kiasi kabla ya kuwa wake wenye kushika funguo za ghala. Hata hivyo Monika, alipotumwa kuchota divai, alianza kuonja kidogo, kisha zaidi, mpaka akazoea kunywa vikombe. Siku moja kijakazi aliyefuatana naye aligombana naye, akamwita mlevi. Binti akaona aibu, akaacha kabisa. Hakuwa bado mke wala mama, wala mtakatifu wa kuheshimiwa altareni. Lakini dhamiri yake ilikuwa tayari ni yake mwenyewe: yeye ndiye aliyekosa, na yeye ndiye aliyetubu.

Basi binti mdogo ni mtu kamili mbele ya Mungu, ingawa kazi zake ni ndogo. Kwa hiyo wazazi nao wana wajibu mbele yake. Kumpa mtoto mzigo wa mtu mzima ni kumwibia utoto wake, na utoto ukiibiwa haurudishwi. Binti anayetolewa shuleni ili abebe mawe ya dhahabu, huku kaka yake akiachwa asome, ameibiwa. Binti anayeozwa kabla mwili na akili havijakomaa, ameibiwa vilevile. Hata sheria ya nchi imejifunza jambo hili polepole. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sheria ya kuwalinda watoto ya mwaka 2009 ilikataza ndoa za watoto, na marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yakaweka miaka 18 kwa mwanamume na kwa mwanamke pia.

Mke katika nyumba ya mume

Wakati wa ndoa ukifika, ng'ombe wa mahari hutolewa, na jamaa mbili hufungamana. Desturi hiyo yaweza kuwa njema, ikiwa mahari ni shukrani kwa wazazi na ushahidi wa ahadi. Lakini mtu hanunuliwi. Desturi za wazee wenyewe zatoa ushuhuda juu ya jambo hili. Katika lugha ya Mashi, jina la mwanamke mara nyingi huanza na M', maana yake binti wa, kisha hufuata jina la baba yake. Mwanamke huweza kuolewa mbali, akazeeka kwa mumewe, na bado jina la baba likakaa kwake. Kama angalikuwa amenunuliwa, jina hilo lingalifutwa siku ng'ombe walipoingia zizini.

Kanisa lashuhudia jambo hilo hilo kwa nguvu zaidi. Siku ya Sakramenti ya Ndoa, padri hawaulizi wazee kama binti amekubali. Humwuliza binti mwenyewe, naye hana budi kujibu kwa kinywa chake. Asipokubali kwa hiari yake, hata kama ng'ombe wote wamekwisha kupokelewa na pombe ya ndizi imekwisha kunywewa, hapana ndoa. Naye Mungu Mwenyezi, aliyeumba mbingu na nchi, alipotaka Mwanawe azaliwe, alimtuma malaika Nazareti kwa bikira, naye Maria alitoa kibali chake mwenyewe. Ikiwa Mungu alingoja jibu la Maria, ni nani aliye mkubwa hata aweze kumtwaa binti bila jibu lake?

Huenda mzee mmoja atauliza: Je, basi mke asitii? Asilime? Asipike? Atajibiwa hivi: kazi za nyumba ni kazi za kweli, nazo hutakasa zikifanywa kwa upendo. Mume naye ana zake, na ya kwanza ni kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Monika alikuwa na mume mwenye hasira kali, jina lake Patrisio, na mama mkwe aliyesikiliza masengenyo ya watumishi. Kwa upole alimshinda mama mkwe, na mwishoni mume akabatizwa. Lakini subira ya Monika ni sifa ya Monika. Haimpi mume yeyote ruhusa ya kupiga. Mume akimpiga mkewe, akisema kwamba watakatifu walivumilia, amejifananisha na nani katika habari hiyo?

Lipo jambo jingine, nalo ni chungu. Tangu vita vilipoanza katika Kivu mwaka 1996, wanawake wengi wametendewa jeuri na watu wenye silaha. Maelfu wametibiwa katika Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine waliporudi nyumbani walikuta mlango umefungwa: mume alisema kwamba huyu si mke tena. Hapo yaonekana wazi hatari ya lile jibu baya. Mume huyo alidhani kwamba heshima ya mkewe ni mali yake, na kwamba mwizi ameichukua. Mtakatifu Augustino alilijibu neno hili zamani, baada ya mji wa Roma kutekwa mwaka 410, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Alifundisha kwamba usafi ni wa moyo na wa nia, na kwamba jeuri ya mtu mwingine haiwezi kuuondoa. Aliyetenda jeuri ndiye mwenye dhambi. Aliyetendewa hana la kuungama katika jambo hilo, wala la kuonea haya. Mume amfungulie mlango.

Mama, na yule asiyezaa

Kwa mama, heshima ya mwanamke huonekana kuwa kubwa kuliko yote. Naye huistahili, maana hulipa kwa mwili wake. Mama wa Luhwindja hulima mteremkoni, hubeba muhogo na kuni kwa mkanda uliokazwa kwenye paji la uso, hupika, huuguza, hufundisha sala za kwanza. Tena nyakati zimebadilika. Luhwindja ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Twangiza ulianza kazi ya biashara mwaka 2012, na kwa ajili yake jamaa nyingi zilihamishiwa Cinjira, mlimani kwenye baridi. Katika machimbo ya watu wadogo, wanawake hutwanga mawe kwa mikono mpaka yawe unga, ili dhahabu ipatikane. Katika nchi ile, hasa Kamituga, watu huwaita mama twangaise. Vumbi huwaingia kifuani, na mshahara ni mdogo. Wengi hutwanga ili mtoto alipiwe shule. Asiwepo mtu wa kuwadharau akisema kwamba hiyo si kazi ya mwanamke. Yafaa aulize kwanza kwa nini chakula cha watoto kimewekwa chini ya nyundo ya mama peke yake, na baba yuko wapi.

Lakini itakuwaje kwa yule asiyezaa, au aliyezaa mabinti tu? Hapa wengi hutoa hukumu ya kikatili. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa mwaka 1939 karibu na Wamba, aliiona hukumu hiyo nyumbani kwao. Mama yake alizaa mabinti, na baba yake akatafuta mke mwingine. Mama aliyeachwa hakuwa amevunja amri yoyote. Alikuwa amezaa watoto wa Mungu, na mmojawao alikuwa Mwenye heri.

Anuarite mwenyewe aliingia katika shirika la masista la Jamaa Takatifu. Hakuwa mke wa mtu, wala hakuzaa. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa mmoja wa waasi alitaka kumfanya mkewe kwa nguvu. Anuarite alikataa, akauawa, naye alimsamehe muuaji wake. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri huko Kinshasa. Kanisa lamheshimu kwa uthabiti wa nia yake na kwa msamaha wake. Halisemi kamwe kwamba waliotendewa jeuri wakaishi ni wadogo kuliko yeye. Maisha yake yafundisha pia kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto hakupungukiwa na utu wake hata kidogo. Tena aliweza kusema hapana, na hapana yake ilikuwa na uzito mbele ya mbingu na nchi.

Mjane

Mume akifa, ndugu zake hukutana. Wakati mwingine huzungumza habari za shamba, za mbuzi na za nyumba, kisha, kwa pumzi ile ile, habari za mjane: nani atamrithi? Neno hilo lapasa kupimwa vizuri. Vitu hurithiwa. Mtu harithiwi. Mjane akitaka kuolewa tena, Kanisa halimzuii. Asipotaka, hapana shemeji awezaye kumtwaa kwa jina la desturi.

Mzee ataweza kusema: Desturi zetu haziruhusu mwanamke kushika mali ya ukoo. Na aitazame Luhwindja yenyewe. Katika milki za Bushi, mwami akifa na mrithi wake ni mtoto bado, mama wa mrithi, yaani mwamikazi, huweza kushika utawala kwa jina la mwanawe. Haya si mambo ya zamani za kale tu. Baada ya kifo cha Mwami Philémon Naluhwindja, mjane wake, Mwamikazi Espérance M'Baharanyi, alishika utawala wa Luhwindja kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa mdogo, naye alikuwa pia mbunge katika baraza la jimbo la Kivu ya Kusini huko Bukavu. Jina lake laonyesha njia yote: binti wa Baharanyi, mke wa mwami, mama wa mrithi, mjane, mtawala. Ikiwa desturi yaweza kuweka milki nzima mikononi mwa mjane, kwa nini mjane wa kijijini asiweze kukabidhiwa shamba moja la maharage?

Mzee atajibu: Lakini mwamikazi alitawala kwa jina la mtoto. Ni kweli. Hata hivyo mtoto mdogo hana hekima ya kumwazima mama yake. Aliyesikiliza mashauri, aliyepima maneno ya wazee, aliyejibu ndiyo au siyo, alikuwa yeye. Jina lilikuwa la mwana. Akili na dhamiri zilikuwa za mama. Basi desturi yenyewe yakiri kwa matendo lile ambalo wengine hulikana kwa maneno. Na sheria ya nchi yakiri vilevile: yawaweka mabinti pamoja na wana katika safu ya kwanza ya warithi, nayo yamhesabu mjane miongoni mwa warithi wa mumewe. Tena tangu mwaka 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mapatano mbele ya sheria, kama ilivyotakiwa hapo kwanza.

Injili nayo yamwonyesha mjane katika Hekalu la Yerusalemu. Ana, binti wa Fanueli, alikaa na mume miaka 7 tu, kisha akaishi mjane mpaka uzee wake mkuu. Watu wangaliweza kusema kwamba kazi yake imekwisha. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa bado: kumtambua Mtoto Yesu, na kuwapasha habari zake wote waliokuwa wakingojea wokovu.

Jina lisiloondolewa

Mapadre Weupe walipofika Nyangezi mwaka 1906, walileta kanuni ya Kardinali Lavigerie: mtu ajitayarishe miaka 4 kabla ya Ubatizo. Muda huo mrefu ulikuwa na maana. Kila mmoja alipaswa kufundishwa, kupimwa na kujibu kwa nafsi yake. Mke hakubatizwa kwa sababu mume ameamini. Hata leo, mbele ya maji matakatifu, mwanamke mzima huulizwa mwenyewe kama anamkataa Shetani, na kama anamwamini Mungu Baba, ambaye Bashi humwita Nyamuzinda. Kisha huitwa kwa jina lake. Jina hilo halisemi yeye ni mke wa nani wala mama wa nani. Ni yeye mbele ya Mungu. Mume akifa, halifi. Watoto wasipozaliwa, halipungui. Watu wenye silaha hawawezi kulipora.

Kwa hiyo kazi za mwanamke ni wito wa Mungu, nao hubadilika kwa nyakati zake. Kuzitimiza vema ni njia ya utakatifu. Lakini mwenye kuitwa yu mkubwa kuliko kazi anayoitiwa. Monika alikuwa binti, akawa mke, mama, na mjane. Alitamani siku zote azikwe katika nchi yake, kando ya mume wake. Mwaka 387, katika mwaka wa 56 wa umri wake, alipatwa na homa huko Ostia, mbali na kwao, muda mfupi baada ya Augustino kubatizwa. Hapo aliiacha hata tamaa ile. Aliwaambia wanawe wasihangaike juu ya mwili wake, ila wamkumbuke tu altareni kwa Bwana. Alikuwa amevua majina yote ya dunia, wala hakuogopa kwamba amebaki bila kitu.

Basi kila mkatekumeni aipime dhamiri yake kabla ya siku ya Ubatizo. Baba ajiulize kama binti yake ameachiwa utoto wake na shule yake. Kijana anayetafuta mchumba ajiulize kama amelisikia jibu la binti mwenyewe, au la wajomba tu. Mume ajiulize kama upo mlango aliomfungia mkewe bila kosa. Ndugu wa marehemu wajiulize shamba wanalolima lilikuwa la nani, na kama ni la mjane, walirudishe, maana amri ya saba haikutoa ruhusa kwa mashemeji. Na mwanamke anayejiona kuwa si kitu, kwa kuwa ameachwa, au hakuzaa, au ametendewa jeuri, au amezeeka, aje afundishwe pamoja na wengine. Jina lake litatajwa siku hiyo kwa sauti ileile itakayotaja majina ya wote.